Vidonda vya tumbo visivyosikia dawa: wakati mwingine ni virusi

Mtu wa Pwani akihamia Nakuru kisha tumbo likaanza kumsumbua, cha kwanza kulaumiwa ni maji. Cha pili ni baridi. Cha tatu, hasa akipiga simu nyumbani na mama akapokea, ni chakula cha bara. Maji ya Bonde la Ufa kweli yana lake: yana floridi nyingi, na ndiyo maana wenyeji wengi waliokulia kule wana meno ya rangi ya kahawia. Lakini yale maumivu ya chembe cha moyo, yanayochoma usiku na kumfanya mtu akatae hata chai, mara nyingi hayatoki kwenye bomba. Na kwa watu wachache, ambao ndio niliowakusudia leo, hayatokani na asidi wala na yule bakteria ambaye siku hizi kila mtu anamjua kwa jina, H. pylori. Yanatokana na virusi.

Nasema wachache, na neno hilo naomba msomaji alishike. Sitaki mtu amalize kusoma akiwa na hofu mpya juu ya zile alizonazo. Nataka ajue swali la kuuliza pale ambapo dawa za tumbo zimemezwa, zimerudiwa, na tumbo bado halijasikia.

Watu wetu Nakuru ni wengi. Wapo wakaazi wa miaka mingi mtaani Bondeni, wapo wanafunzi wa Egerton kule Njoro na wa Kabarak, wapo vijana waliofuata kazi za mashamba ya maua Naivasha. Na wapo madereva wa malori wanaotoka na mizigo bandarini Mombasa, wanaolala Mai Mahiu au Salgaa kabla ya kukaza mwendo kuelekea Malaba. Ukiwa zaidi ya kilomita 600 kutoka nyumbani, na kazi haikungoji, unajitibu. Unaingia duka la dawa, unadungwa kidole, kipimo kinatoa mistari miwili, unapewa vidonge vya wiki mbili. Tumbo likirudi, nawe unarudi.

Kipimo hicho cha kidole ndicho chanzo cha matatizo mengi. Hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta alama ambazo kinga ya mwili huziacha kwenye damu baada ya kukutana naye, na alama hizo hubaki kwa miezi, hata miaka, baada ya bakteria kufa. Isitoshe, zaidi ya nusu ya watu wazima nchini Kenya wamewahi kumbeba. Kwa hiyo ukipima watu kumi waliopanga foleni ya matatu pale stendi ya Nakuru, wasio na maumivu yoyote, wengi watatoka na mistari miwili. Jibu la "unayo" halituambii kuwa hicho ndicho kinachokuumiza. Vipimo vinavyoaminika zaidi ni cha pumzi na cha choo kubwa, na navyo hudanganya ikiwa mtu amemeza omeprazoli ndani ya wiki mbili zilizopita au antibayotiki ndani ya wiki nne.

Tuanze na tumbo lenyewe. Mfuko wa chakula umefunikwa kwa ndani na utando laini wenye ute. Asidi iliyomo ni kali, na ute ule ndio unaomzuia mtu asijimeng'enye mwenyewe. Utando ukivimba na kuwa mwekundu, madaktari huita gastraitisi. Ukichimbika ukafanya shimo, hicho ndicho kidonda. Kwetu vyote viwili vinaitwa alsa, na kiungulia cha biriani ya harusini nacho kinaitwa alsa, na hapo ndipo mazungumzo na daktari yanapoanza kwenda upande.

Sababu kubwa za uvimbe huo zinajulikana. H. pylori ndiye wa kwanza. Barry Marshall na Robin Warren walimgundua kule Perth, Australia, mwaka 1982, na wenzao walipokataa kusadiki, Marshall alikunywa mchuzi wenye bakteria hao mwaka 1984, akaugua tumbo. Mwaka 2005 wawili hao walipewa tuzo ya Nobel. Sababu ya pili ni dawa za maumivu: diklofenaki, aibuprofeni, aspirini. Dereva anayezimeza kila siku kwa ajili ya mgongo anajichubua tumbo mwenyewe. Ya tatu ni pombe. Pilipili, ambayo mabibi zetu huipa lawama zote, humwasha mtu ambaye tumbo lake limekwisha chubuka, lakini si yenye kuchubua.

Ukiondoa hizo, na yale maradhi ambayo kinga ya mwili huushambulia utando wa tumbo wenyewe, kunabaki chumba kidogo. Humo ndimo virusi wanamokaa.

Lakini kwanza tuwatenge virusi wa kuhara na kutapika. Rotavirusi anayewashambulia watoto, na norovirusi anayeweza kuangusha bweni zima kwa usiku mmoja, watu huwaita "wa tumbo," na kwa kweli kazi yao kubwa wanaifanya kwenye utumbo mwembamba. Tumbo lenyewe linapunguza kasi ya kumwaga chakula chini, ndiyo maana mtu anatapika, ila utando wake kwa kawaida hauharibiki. Siku chache, maji ya chumvi na sukari, yamekwisha. Chanjo ya rotavirusi ilianza kutolewa kwa watoto wa Kenya mwaka 2014 na imewaokoa wengi. Wala hao si homa ya matumbo. Hiyo ni taifodi, ugonjwa wa bakteria, na kile kipimo chake cha damu kiitwacho Widal kinastahili kutiliwa shaka kama cha H. pylori.

Virusi ninaowasema mimi ni wa namna nyingine. Hawaji kwa chakula cha jana. Wamo ndani ya mtu tangu utotoni.

Kuelewa jambo hili, hadithi nzuri ni ya Denis Burkitt. Alikuwa daktari wa upasuaji Mulago, Kampala, na mwaka 1958 aliandika habari za uvimbe wa taya uliokuwa ukiwaua watoto. Mwaka 1961, yeye na wenzake wawili walipanda gari wakazunguka mashariki na kusini mwa Afrika, hospitali baada ya hospitali, wakiuliza: mmewahi kuuona uvimbe huu? Walichokipata kilikuwa cha ajabu. Katika nchi zilizo karibu na ikweta, palipo chini, penye joto na mvua, ugonjwa ulikuwapo. Ukipanda kupita mita 1,500 hivi, unatoweka. Mwaka 1964, kule London, Anthony Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr waliwaona virusi ndani ya seli za uvimbe huo. Leo wanaitwa Epstein-Barr.

Nakuru iko kwenye mita 1,850 hivi. Mtu angedhani basi virusi hao hawapandi mlima. Wanapanda. Watoto wa Nakuru wanao, wa Kilifi wanao, wa Kisumu wanao, na karibu kila mtu mzima anayesoma hapa anao, aliowapata kwa mate tangu mdogo, pengine hata hakuugua. Tofauti ya bondeni na pwani ilikuwa ni malaria. Mtoto anayepigwa na malaria kila mara, kinga yake huchoka kuwazuia virusi waliolala, nao huamka. Kilichobadilika kati ya nyanda za juu na nyanda za chini kilikuwa mlinzi. Mgeni alikuwa yule yule.

Mambo ya tumbo ni hayo hayo. Mara moja moja Epstein-Barr husababisha uvimbe wa utando wa tumbo, na katika saratani za tumbo duniani, karibu moja katika kila kumi huwa na virusi hao ndani ya seli zake. Lakini anayewashughulisha zaidi madaktari wa tumbo ni ndugu yake, anayeitwa saitomegalovirusi. Jina ni refu. Wao humwita CMV, nasi tumwite hivyo.

CMV huambukizwa kwa mate, mkojo na maziwa ya mama. Katika nchi zetu watu wengi mno huwa naye kabla hawajaanza shule. Analala mwilini maisha yote, na kinga ikiwa nzima hatoki. Ikishuka sana, anaamka na kuchagua mahali: macho, mapafu, utumbo mpana, koromeo la chakula, au tumbo. Akiamka tumboni, dalili zake hazina jipya hata moja. Maumivu ya chembe cha moyo, kichefuchefu, kutapika, kukosa hamu ya chakula, kukonda, pengine homa. Mtu anaeleza, na anayemsikiliza anasikia alsa.

Ni nani kinga yake hushuka kiasi hicho? Aliyepandikizwa figo, kwa mfano katika hospitali ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, na anayemeza dawa za kuzuia mwili usiikatae figo hiyo. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye hatari zaidi. Anayetibiwa saratani kwa dawa kali. Anayemeza steroidi kwa muda mrefu kwa sababu ya pumu au viungo. Na hapa niseme na dada zetu: deksamethasoni ni steroidi. Vidonge vile vinavyouzwa kimya kimya vya kunenepesha, ambavyo wapo wanaomeza miezi kabla ya harusi, vinapunguza kinga ya mwili hata kama mwenye kuvimeza anang'aa. Mweleze daktari kuwa unavimeza, wala usiviache kwa ghafla bila yeye kukuongoza.

Lakini katika Kenya kundi kubwa zaidi ni la mtu mwenye virusi vya Ukimwi ambaye hajajijua, au aliyejijua akaacha dawa. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2018 ulikuta karibu watu 5 katika kila 100 wazima wanaishi na virusi hivyo. Anayemeza dawa zake vizuri hana sababu ya kumhofia CMV. Anayehofiwa ni yule ambaye chembe zake za CD4, ambazo kwa mtu mzima mwenye afya hupita 500, zimeteremka chini ya 100, na hasa chini ya 50.

Hapo ndipo penye ugomvi. Mtu amekwenda hospitali na tumbo, daktari anamwambia tupime na virusi vya Ukimwi. Anakasirika. "Mimi nimekuja na tumbo, wewe waniletea habari nyingine!" Anaondoka, anarudi duka la dawa, na pale hakuna atakayemuuliza swali la kumuudhi. Naielewa hasira hiyo, hasa kwa mtu wa makamo mwenye heshima zake. Lakini daktari anayeuliza hivyo hamtuhumu mtu tabia. Tumbo lililopewa dawa sahihi ya H. pylori mara mbili likabaki vile vile, pamoja na kukonda, ni sababu ya kitabibu ya kupima kinga ya mwili. Mimi ningemtilia shaka zaidi anayeandika pakiti ya tatu bila kuuliza lolote.

Uthibitisho wenyewe hauko kwenye damu. Kipimo cha damu cha CMV kinaweza kuonyesha alama zake kwa karibu kila mtu mzima, tatizo lile lile la kipimo cha kidole. Lazima tumbo litazamwe kwa kamera, yaani endoskopi, na kipande cha nyama kikatwe. Hospitali kubwa za Nakuru hufanya kazi hiyo, na aliyeko Naivasha au Gilgil anaweza kuomba barua ya rufaa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nakuru, ile ambayo wazee bado wanaiita PGH. Ukishuka kusini, hospitali ya Tenwek huko Bomet imekuwa na uzoefu mkubwa wa kamera hiyo kwa sababu ya saratani ya koromeo ambayo imeenea sehemu zile.

Watu wanaiogopa kamera kuliko inavyostahili. Unakaa bila kula kwa saa sita hadi nane, unapuliziwa dawa ya ganzi kooni au unachomwa ya kukusinziza, na waya mwembamba wenye taa unapita. Kutazama kwenyewe ni dakika kumi au kumi na tano. Kukatwa kile kipande, kidogo kama punje ya mchele, hakuumi, kwa sababu utando ule hausikii mkato.

Bila kipande hicho safari ni bure. Kwa macho, uvimbe wa CMV unaweza kufanana na wa diklofenaki, na kidonda chake kinaweza kudhaniwa saratani. Ni chini ya darubini ndipo anapojulikana: seli aliyoiingia huvimba kupita kiasi, na katikati yake kunatokea doa jeusi lililozungukwa na duara jeupe. Wataalamu wanaliita jicho la bundi. Nadhani hakuna jina ambalo mtu wa Pwani angelipenda kidogo kuliko hilo, lakini kwa mgonjwa aliyezungushwa mwaka mzima, kuonekana kwa bundi huyo ni habari njema, maana sasa ugonjwa una jina na dawa.

Dawa yenyewe ni gansiklovia, inayotiwa kwa mshipa, kisha mtu akipata nafuu hubadilishiwa vidonge vya jamii hiyo hiyo. Matibabu huchukua wiki kadhaa. Ni ghali, wala si kila famasia ya mji inayo, na inaweza kushusha damu na kusumbua figo, kwa hiyo mgonjwa hupimwa damu mara kwa mara. Omeprazoli inaweza kumpunguzia moto wakati huo. Haiwezi kumgusa CMV. Na gansiklovia peke yake haitoshi kama kinga haijarudi. Mwenye virusi vya Ukimwi lazima aanzishwe au arudishwe kwenye dawa za ARV, na aliyepandikizwa figo daktari wake hupunguza zile za kushusha kinga.

Wapo virusi wengine wachache wa kutajwa kwa ufupi. Wa malengelenge ya mdomoni hupenda koromeo, tumboni huingia kwa nadra. Wa tetekuwanga, yule anayerudi ukubwani kama mkanda wa jeshi, anaweza kuanza na maumivu makali ya tumbo siku kadhaa kabla ya vipele kutokea, na kwa mtu mwenye kinga dhaifu hilo ni jambo la dharura. Ama homa ya Bonde la Ufa, ambayo jina lake linawafanya watu wengi kuniuliza, hiyo ni kitu kingine. Ilitambuliwa kwa kondoo wa shamba moja karibu na Ziwa Naivasha na kuelezwa mwaka 1931, na katika mlipuko wa 2006 na 2007 ilifika Garissa, Tana River, Kilifi na Baringo, ikaua zaidi ya watu 150. Mgonjwa mahututi huweza kutapika damu, lakini chanzo ni ini na mishipa ya damu iliyoharibika, si gastraitisi. Aliyeshika au kuchinja mnyama mgonjwa wakati wa mvua kubwa kisha akapata homa na kutapika, aende hospitali aseme hivyo kwanza.

Na wapo watoto. Mtoto mwenye afya anaweza, kwa nadra sana, kupata CMV tumboni hata bila upungufu wowote wa kinga. Mikunjo ya tumbo hunenepa na kuvujisha protini, na baada ya siku chache za kutapika uso na miguu vinafura. Ugonjwa huu unaitwa Ménétrier, kwa jina la daktari wa Ufaransa aliyeueleza mwaka 1888 kwa watu wazima. Mtu akimwona mtoto huyo anasema ni utapiamlo, na mama anaangaliwa kwa jicho la lawama. Tofauti ni kwamba huyu alikuwa mnene juzi. Kwa watu wazima ugonjwa huo ni mgumu. Kwa watoto wengi hupona wenyewe ndani ya wiki chache, akipewa protini na kuangaliwa.

Kwa mtu mzima, zipo dalili ambazo hazingoji duka la dawa wala pakiti nyingine: kutapika damu, choo cheusi kama lami, chakula kukwama kikishuka, kutapika kila kitu, au nguo kulegea bila mtu kujinyima. Nyingi kati ya hizo zitakuwa kidonda cha kawaida kinachovuja. Baadhi zitakuwa saratani. Chache zitakuwa CMV. Kamera hiyo hiyo ndiyo itakayozitenganisha.

Na yule ambaye CMV ameonekana tumboni kwake, kabla hajaondoka hospitalini aombe kupimwa macho. Virusi ni wale wale, na wakifika nyuma ya jicho huondoa kuona bila maumivu yoyote. Akianza kuona vidoa vinavyoelea, vimulimuli, au pazia la giza upande mmoja, asisubiri tarehe aliyoandikiwa kwenye kadi. Aende siku ile ile.